Feni Aliyonunua Mdogo Wangu

Mimi si mtu wa kusifia watu ovyo. Lakini mdogo wangu aliposema atatununulia feni mpya, nilimsifia mpaka majirani wakanikimbia. Nilimwambia mwenye duka, nikamwambia fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, nikawaambia hata watu ambao hawakuniuliza. "Mlisema hanijali. Haya, semeni tena." Leo nikikumbuka natamani kujizaba kofi.

Feni ya zamani aliiweka marehemu baba. Ilining'inia katikati ya sebule, juu ya kochi ambalo mama hushinda amelala tangu miguu yake igome. Ukiiwasha inayumba na kulalamika, na kuipunguza kasi haiwezekani, kwa sababu swichi yake ya kuzungusha iliungua zamani. Panga lake moja lilikuwa limelegea, na kila siku nilikuwa na hofu litamdondokea mama. Nilimlilia mdogo wangu mwaka nenda mwaka rudi. Jibu lake lilikuwa lile lile: "Dada, nitaona."

Mimi ndiye ninayekaa na mama. Namwogesha, namgeuza, nampeleka kliniki, namvumilia. Yeye ana kwake, ana mke na watoto, na Jumapili huja kula. Sikuwa na kinyongo. Baba alipofariki nilirudi nyumbani kwa hiari yangu, nikaacha chumba nilichopanga na kazi yangu ya hotelini. Mama alinishika mkono akasema, "Hapa ni kwako mpaka siku yako ya mwisho." Mama mzazi akikuambia hivyo, utamdai shahidi?

Basi fundi umeme akaja asubuhi. Wanamwita Tochi, kwa sababu ile tochi ya kichwani haivui hata kwenye jua kali. Mdogo wangu ndiye aliyemtuma, mimi nilikuwa simjui. Mtu mpole, ngazi begani, boksi la feni mkononi. Akamwamkia mama kwa adabu, akatandika shuka kuukuu sakafuni, tukalisukuma kochi hadi dirishani na mama juu yake. Mama akacheka, akasema leo anasafirishwa bila nauli.

"Nizime umeme kwanza," Tochi akasema.

Hapa lazima nieleze. Swichi kuu ya nyumba hii haipo zinapokuwa swichi za watu wengine. Baba alikuwa mtu wa wasiwasi, aliogopa watoto na wageni wasije wakaichezea, akaificha stoo, nyuma ya pipa la unga, ndani ya kikabati alichokigongomea mwenyewe. Kila fundi aliyewahi kuingia humu ameitafuta barazani, ukumbini, hadi nyuma ya mapazia. Ndiyo mzaha wetu wa ukoo: tunamwacha ahangaike kwanza, tucheke, ndipo tumwonyeshe. Kwa hiyo nikaegemea mlango, nikasubiri kicheko changu.

Tochi akapita jikoni, akaingia stoo moja kwa moja, akasukuma pipa kwa goti, akafungua kikabati. Friji ikanyamaza.

Nikamfuata mbio. "Wewe, nani kakuonyesha hapo?"

"Si siku ile mlipokwenda kliniki," akajibu, huku akijipangusa unga kwenye suruali. "Nilikuja na ndugu yako na yule mama. Tukakagua waya zote, mpaka darini."

"Mama gani?"

"Anayenunua nyumba." Akanigeukia, mwanga wa tochi ukanipiga machoni. Akauzima. "Dada, nilidhani unajua."

"Najua," nikasema. Aibu ndiyo ilinisemesha. "Kwani feni inahusiana nini naye?"

"Waya alizikubali. Alichokataa ni ile feni tu, alisema hahamii mpaka itolewe. Ndiyo nikaitwa."

Kumbe! Feni niliyoitangaza mtaa mzima haikuwa yangu wala ya mama. Ilikuwa ya mtu nisiyemjua hata sura, na mimi nimeipokea kwa mikono miwili na kushukuru juu. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilitoka uani nikampigia simu mdogo wangu.

"Dada, nilikuwa nakuja kukuambia," akasema, hata kabla sijamweleza.

"Lini? Nikiwa nimejitwika godoro barabarani?"

"Haya si mambo ya simu."

"Kuuza nyumba umeweza bila mimi, kuniambia ndiyo kunataka kikao? Umesubiri mama yuko kwa daktari ndipo unamwingizia wanunuzi ndani. Akijua, presha itamwua."

"Dada, zungumza na mama."

"Hata hilo unaniachia mimi?" Nikakata simu.

Niliosha uso kwenye bomba la uani. Nikajiapia mama hatasikia neno siku hiyo. Nyumba iko kwa jina lake, bila yeye haiuziki hata tofali, hilo nilikuwa na uhakika nalo. Ningemtafuta mjomba, ningemtafuta mwanasheria, na huyo mnunuzi angekwenda kununua kwingine. Nilirudi ndani nikiwa nimejipa moyo, na uso nimeutengeneza.

Tochi alikuwa amekwisha kufungua mapanga yote na kuyalaza kwenye shuka. Akagusa nyaya kwa testa kuhakikisha hazina moto, akabandua tepu iliyokauka, akaniomba niipokee mota. Ilikuwa nzito, imejaa vumbi na grisi nyeusi. Nikaipakata hivyo hivyo, gauni langu zuri likachafuka, sikujali. Kisha akaunganisha feni mpya chini: fimbo, mota, mapanga, skrubu moja baada ya nyingine. Akapanda nayo, akaitundika kwenye ndoano ya darini, akaunganisha nyaya na kuzifunga, akasukuma kikombe cha juu kikaziba kila kitu.

Mama alikuwa akitazama kutoka dirishani, amekunja uso.

"Mbona ya kahawia?" akasema. "Yule mama si alitaka nyeupe?"

Tochi akabaki na bisibisi hewani. Mimi nikaiweka sakafuni ile mota ya zamani niliyokuwa bado nimeipakata.

"Mama, umemwona wapi?"

Akajua ameropoka. Akatazama nje, akatazama dari, mwisho akanitazama mimi. "Usinitolee macho. Nilitia sahihi mwenyewe, sikushikwa mkono. Mdogo wako anabanana na watoto. Atajenga pakubwa, na mimi nitapata chumba karibu na choo."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Ungepiga kelele."

"Ningepiga, ndiyo!"

"Umeona? Tulisema tungoje feni iwekwe, ufurahi kidogo kwanza."

Iliniuma, na bado inaniuma. Mdogo wangu ningemsamehe, nimemzoea, tangu utotoni ana tabia ya kula na kukimbia. Lakini mama! Asubuhi ile ile nilikuwa nimempaka mafuta miguuni, akaniombea dua ndefu, huku moyoni anajua. Miaka yote hii nimekuwa nikimkinga na habari mbaya, kumbe habari mbaya ni yeye.

Tochi alishuka kwenye ngazi, akatoka kwenda stoo kurudisha umeme. Nadhani alikuwa akitafuta tu pa kwenda.

"Na mimi?" nikamwuliza mama. "Huko kwa mdogo wangu nina chumba?"

Alishika upindo wa kanga yake, akaukunja, akaukunjua. "Watoto wake ni wengi, mwanangu. Wewe huna mzigo, popote utaingia."

Nikasimama pale, gauni limejaa grisi. Mama akadhani nimepoa. Akaninyooshea mkono nimkalishe vizuri, na mimi, mjinga, nikamkalisha.

"Lakini utakuja kila asubuhi kuniogesha," akasema, akiupanga mto nyuma ya mgongo. "Mkwe wangu ana kinyaa, na mimi mikono mingine siitaki. Si utakuja?"

"Nije kutoka wapi, mama?"