Saba Mara Nane kwa Wimbo wa Chama

Mwaka wa sabini na sita, hapa Kamina, nilifundisha darasa la nne A, na darasa langu lilikuwa kimya. Nzi akipita, nilimsikia. Upande wa pili wa ukuta, nne B, citoyenne Ngalula, maana siku hizo "madame" ilikatazwa, sote tuliitwa raia, aliwafundisha watoto kuzidisha kwa kucheza. Wakifika saba mara nane walirusha mguu wa kushoto. Hamsini na sita wakakata kiuno. Wimbo ulikuwa ule ule wa animation tuliouimba kila asubuhi mbele ya bendera kukisifu chama, ila maneno ya sifa aliyaondoa akatia hesabu.

Sitaficha, niliona wivu. Watoto wake walijua kuzidisha mpaka kumi na mbili. Wangu walikwama kwenye sita, kwa adabu.

Nikamwandikia inspekta ukurasa na nusu, kwa Kifaransa safi, kwamba nne B imegeuka baa. Jina langu sikuliweka.

Citoyen Likoke, inspekta, alifika Jumanne na karatasi ya uhamisho iliyokwisha kupigwa muhuri. Kinkondja, mbali huko ziwani, walihitaji mwalimu. Aliyekuwepo alikuwa ameacha chaki akaenda kukausha samaki. Kilichobaki ni kuandika jina. Ngalula alikuwa na mume askari kwenye base ya jeshi hapa hapa Kamina na mtoto wa miezi minne. Hilo nililijua nilipokuwa nikiandika, na bado linanichoma.

Inspekta alikaa nyuma ya darasa. Mimi nilijisogeza mlangoni nione.

"Fundisha vile unafundishaka siku yote," alisema.

Ngalula alipiga meza, watoto arobaini na tisa wakasimama, wakaanza.

Sasa, wakati ule kila mtu alijua kwamba wimbo huo ukianza unasimama na kupiga makofi. Anayebaki amekaa, chama kinapata habari zake kabla ya chakula cha mchana. Inspekta alisikiliza maneno, yakawa hesabu. Akasikiliza sauti, ikawa ya chama. Akakumbuka kwamba katika shule hii kuna mtu anayeandika barua.

Akasimama. Akapiga makofi. Kwenye saba mara tisa alikata kiuno, tena vizuri. Jedwali la saba likaisha, likafuata la nane, na hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kukaa. Mimi pia nilicheza.

"Na ile ya tisa banaijua?" aliuliza akihema.

"Banaijua, citoyen inspecteur," alijibu Ngalula.

"Mungu wangu," alisema, akaendelea kucheza.

Alipotoka, abacost yake, ile suti ya chama isiyo na tai, ilikuwa imelowa mgongo mzima. Akaingia darasani kwangu. Watoto wakasimama, kimya.

"Saba mara nane?"

Wakatazama dari.

"Huku munachezaka saa ngapi?" akaniuliza.

"Huku hatuchezake, citoyen inspecteur," nikasema, kifua mbele. "Hata siku moja."

Akatoa kalamu, akauliza jina langu. Nilimtajia herufi moja moja, asije akakosea.