Kiraka cha Mashine ya Mpanda

Kompyuta ya Mpanda ilikuwa na ukubwa wa makabati tisa ya sakristia ya kanisa, na iliheshimiwa kuliko sakristia yenyewe. Ilikaa katika jengo la mgodi uliofungwa, ikipepewa na feni mbili mchana kutwa, huku watumishi wake wawili wakitoka jasho. Mwaka ule wa 1975 ilikuwa na kazi moja: kutunza majina ya watu waliohamishiwa vijiji vipya, na kila Ijumaa kutoa orodha ya wanaostahili mahindi ya njaa. Jina likiwamo, debe lako lipo. Lisipokuwamo, dereva wa lori anakutazama kama anavyotazama kichuguu.

Mkuu wa mashine alikuwa Mzee Yotham, mtu wa tai hata kwenye joto la Oktoba. Msaidizi wake alikuwa Eufrazia, msichana wa miaka ishirini na miwili mwenye vidole vyepesi. Mama yake, Verdiana, alikuwa kwenye orodha.

Vijijini kulikuwa na taipureta zilizounganishwa na mashine kwa waya. Ilipotoka kiwandani, mashine ilimwuliza kila anayetaka kuingia: NANI? Kisha ikadai neno la siri. Mzee Yotham aliona aibu kubwa.

"Mtu kapiga hodi, badala ya kumkaribisha unamwuliza yeye nani! Hii mashine haikulelewa."

Akailea yeye. Alibadilisha amri zake za ndani, na tangu siku hiyo aliyeandika HODI mara tatu alijibiwa KARIBU, akapita moja kwa moja mpaka kwenye majina ya watu.

Watengenezaji wa Ulaya waliposikia, walituma bahasha haraka. Ndani mlikuwa na utepe mrefu wa karatasi uliotobolewa matundu madogo, pamoja na barua fupi: *Amri zenu zina tundu. Hiki ni kiraka. Kiwekeni leo.*

"Kiraka?" Mzee Yotham aliishika barua kwa ncha za vidole. "Mashine iliyopokelewa kwa ngoma na maaskofu wawili, leo ivae kiraka kama kaptula ya mchunga mbuzi? Nyie mnataka watu watucheke mpaka Tabora!"

Kiraka kikafungiwa kwenye mtoto wa meza, kikakaa huko na mende mwaka mzima.

Hodi za ajabu zilianza siku ya Jumamosi, saa saba mchana, jua likiwa utosini na mji mzima umenyamaza. Taipureta ya ofisini iligonga yenyewe: HODI. Ikatulia. HODI. Ikatulia tena, kama mtu anayesikiliza mlangoni. HODI. Mashine ikajibu KARIBU, na baada ya hapo jina moja likafutika kwenye orodha. Jumapili likafutika la pili. Ikawa hivyo kila siku, saa ileile, jina moja.

Alhamisi jioni, katibu wa kijiji kipya alifika kwa baiskeli akiwa mwekundu kwa vumbi. Watu sita hawaonekani, alisema. Mikeka yao imekunjwa vizuri, majembe yapo, wao hawapo. Eufrazia aliyalinganisha majina: ni yaleyale sita. Wote walikuwa wametoka Ntumbi, kijiji cha zamani kando ya mlima Sibwesa, na majina yalikuwa yamefutika kwa mpangilio wa nyumba zao, kuanzia kisimani kupanda kilimani. Salvatori, kisha Athanasie, kisha wengine. Nyumba ya saba ilikuwa ya Verdiana.

Ijumaa saa sita alisimama mbele ya meza ya mkuu wake.

"Shikamoo Mzee. Naomba ufunguo wa mtoto wa meza."

"Marahaba. Mandazi yangu yamo humo."

"Nataka kiraka."

"Tulishalimaliza hilo. Hodi zinatoka kwenye waya wa Ntumbi; ni karani wa huko, kijana mpole sana."

"Karani gani, Mzee? Ntumbi imehamishwa tangu Novemba. Nguzo zimeliwa na mchwa. Ule waya umeishia porini."

Mzee Yotham akafanya jambo ambalo Eufrazia hakuwahi kulishuhudia: alilegeza tai. Akatoa ufunguo.

Mende walikuwa wameutafuna utepe katikati. Eufrazia alikata kipande cha karatasi, akakibandika kwa uji wa ngano, akachukua msumari mdogo.

"Kiraka juu ya kiraka," Mzee Yotham alinung'unika. Lakini alivaa miwani, akaanza kumsomea mpangilio kutoka kwenye barua, kwa sauti ya litania. "Tundu. Tundu. Pazima. Tundu. Pazima, pazima. Utuhurumie. Tundu."

Saa saba kasoro dakika mbili waliuingiza. Utepe ulikuwa bado unapita, ukilia kama panzi, taipureta ilipogonga.

HODI.

"Ongeza mwendo!" alinong'ona Mzee.

"Hauongezeki, Mzee."

HODI.

Utepe ukaisha, ukaanguka sakafuni. Feni zilisimama zenyewe, zikaanza tena.

HODI.

Kwa mara ya kwanza tangu ilelewe, mashine ikauliza: NANI?

Huko porini mtu alionekana kusitasita. Halafu herufi zikaja polepole, moja moja, kama za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani.

VERDIANA.

Mashine ikadai neno la siri. Halikuja. Ikakata waya.

Eufrazia hakungoja. Orodha ilipochapwa aliona jina la mama yake, akaongeza yale sita kwa kalamu, akapanda lori juu ya magunia. Njia nzima alijiuliza amemfungia nje nani.

Mama yake alikuwa uani, akitwanga. Eufrazia alimkumbatia pamoja na mchi wake.

"Hebu niache, utamwaga mahindi," alisema Verdiana. Hakuwa na furaha. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyeamka vibaya. "Mchana nilisinzia, nikajikuta kwetu, Ntumbi. Wenzangu wote wamo ndani, nasikia wanacheka. Nimepiga hodi mpaka mkono umeuma."

"Wakasemaje, mama?"

"Waliniuliza mimi nani. Mlangoni kwangu, Eufrazia! Nikawatajia jina, wakanifungia." Alikohoa, akatazama upande wa Sibwesa. "Kesho nitarudi. Labda watakuwa wamenikumbuka."

Eufrazia alimpokea mchi, akaendelea kutwanga.