Mikorosho Isiyozeeka

Malalamiko aliyaleta Hemedi, aliyerudi ofisi ya kilimo kutoka kijijini Ziwani na vumbi lake lote.

"Mama Rehana, wakulima wanauliza una dawa gani. Mikorosho yao haizeeki! Tangu uwapimie mashamba mpaka leo, ina miaka miwili ileile."

Shadya alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Ramani ya mashamba ya Ziwani ilikuwa kazi ya mikono yake, na jedwali lililokaa nyuma ya ramani, lenye mstari wa kila shamba, alilijaza yeye. Mikorosho iliyoandikwa kuwa bado midogo haikupangiwa salfa ya kupulizia ukungu. Miti ya watu imetoa maua, kompyuta inashikilia kwamba ni miche.

"Umri uliupataje?" Hemedi aliuliza.

"Nilitoa tarehe ya kupandwa kwenye tarehe ya siku ile, nikahifadhi jibu."

"Ndiyo maana limeganda. Ungeweka safu inayojipigia hesabu yenyewe kila jedwali likifunguliwa. Si tulifundishwa kwenye masomo ya jioni? Au siku ile hukuja?"

Hakwenda. Jioni ile alikuwa Ziwani, amempeleka mwanawe Rehana kwa bibi yake akaachishwe ziwa, kama yeye mwenyewe alivyopelekwa utotoni. Ilikuwa iwe wiki chache tu. Ikaja mitihani, ikaja ajira. Yassini, baba wa mtoto, akavuka Ruvuma kutafuta maisha na simu yake ikawa haipatikani. Bi Somoe, mama yake Shadya, akasema, "Mwache kwanza. Akifika umri wa shule utamchukua." Tangu hapo Shadya alikuwa akienda Idi hadi Idi, anafika mtoto amelala, anaondoka hajaamka, asije akamlilia.

Hemedi alipotoka kwenda kula, Shadya alifuta safu ya zamani akaandika kanuni mpya: chukua tarehe ya leo, toa tarehe ya kupandwa. Akabonyeza. Miti ya Ziwani ikakua mbele ya macho yake, orodha ya salfa ikarefuka. Akashuka taratibu mpaka shamba la Bi Somoe. Pale palikuwa na mkorosho uliopandwa wiki aliyozaliwa Rehana, pale kilipozikwa kitovu chake.

Miaka mitano.

Alifungua mkoba, akatoa gauni alilomnunulia mwanawe juzi, akalitandaza juu ya meza. Lilikuwa gauni la mtoto anayejifunza kutembea.

Alipiga simu.

"Mama, kesho nakuja kumchukua Rehana. Umri wa shule umefika."

"Nani kakwambia?"

"Nimeona kwenye jedwali la miti."

"Mwanangu si mkorosho, Shadya, uje umpigie hesabu kwenye kompyuta." Akasikika akifukuza kuku. "Nilidhani umesahau. Nikafurahi, Mungu anisamehe."

Kesho yake alimkuta msichana mrefu anafagia chini ya mkorosho. Msichana aliweka ufagio chini, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, dada. Mama yuko ndani."

"Si dada huyo," Bi Somoe alisema mlangoni. "Huyo ndiye mama yako. Mimi bibi." Mkononi alikuwa na kifurushi cha nguo, kimeshafungwa.

Kwenye bodaboda Rehana alikaa katikati, mgongo ameunyoosha, hataki kumgusa Shadya aliye nyuma yake. Walipoiacha njia ya mashambani aligeuka kutazama walikotoka.

"Bibi atakula na nani leo?"

Shadya alimfunika masikio kwa khanga, upepo usimpige. Mji ulipoanza kuonekana, akahisi kichwa kidogo kinamwegemea kifuani, kwa woga, kama kinajaribu.