Mwisho wa Sinema ya Bi Rahila

Bi Rahila alijifunga kanga kiunoni, akachukua kitana, akajichana nywele mbele ya kioo ambacho hakikuwapo. Wanawake waliojaa sebuleni wakaanza kucheka hata hajasema neno.

"Huyo ndiye tajiri sasa," alisema jirani yake Mahbuba, kahawa ikimmwagikia vidoleni. "Tizameni madaha hayo."

Mwaka ule wa sabini hapakuwa na sinema ya wao kwenda Maskati nzima, ila nyumba ya Bi Rahila pale Matrah. Kila Alkhamisi baada ya alasiri, wanawake waliotoka Unguja walikuja kula halwa na kusimuliwa sinema alizoziona kule, siku za onyesho la wanawake peke yao. Waliyoipenda kuliko zote aliiona yeye peke yake: Mmarekani tajiri, mkware asiyeshiba, ana wapenzi watatu na fremu moja ukutani. Kila akija mmoja, mtumishi huibandika humo picha yake chapuchapu, mpaka siku walipokutana wote watatu mlangoni. Hapo watu walicheka hadi machozi, na machozi mengine, tusidanganyane, hayakuwa ya kicheko. Kisha tajiri alitubu, akamwoa wa tatu, akatulia tuli.

Shaikha, binti wa kaka yake Bi Rahila, leo hakucheka. Posa ya Bwana Sleyum ilikuwa na siku ya nane nyumbani kwao. Mwanamume mwenye gari na nyumba mbili, na wake watatu aliokwisha kuwaacha. Baba yake, Harub, alitaka jibu kabla ya magharibi.

"Shangazi, yule tajiri kweli alitulia?"

"Si nnakwambieni kila wiki?"

"Nnauliza kwa sababu nnataka kumkubali Sleyum. Nnajiambia, ikiwa yule alitulia, na huyu atatulia."

Bi Rahila alihisi uso unamuwaka. Miaka sita hakumwambia mtu. Jumapili ile, sinema ikikaribia kwisha, mwanawe mchanga alilia, akatoka naye huku akijiambia atakuja kuimalizia Jumapili ijayo. Jumapili iliyofuata mji ulipinduka, naye akaondoka na nguo ya mwilini. Ule mwisho aliutunga huku ugenini, kwa kuwa mambo yaliyokatika kati yalikwisha kuwa mengi, na moyo wake haukuweza kubeba jengine.

"Mwanangu, mwisho sikuuona," alisema. "Niliutunga. Nisamehe."

Mahbuba aliweka kikombe chini. "Miaka yote hii, Bi Rahila?"

"Miaka yote hii."

Alilia, wala hakujificha. Aliulilia ule ukumbi wa kule Unguja, na kiti alichokiacha kingali na joto lake. Shaikha alisogea, akamshika mkono.

"Uliishia wapi, Shangazi?"

"Kapiga magoti, maua mkononi. Yule wa tatu kasimama mlangoni, anamtazama. Hajasema kitu."

Kisha akachukua buibui lake.

"Basi twende ukamwambie baba kuwa na mimi sijasema kitu."

Na Bi Rahila, aliyekuwa akiwaozesha tajiri na yule wa tatu miaka nenda miaka rudi, akainuka kutafuta viatu vyake.