Mboga ya Mama

Kaka yangu aliacha nyama siku ya Jumanne, na kufikia Alhamisi alikuwa ameshatuachisha sote. Mimi sikuulizwa. Mama hakuulizwa. Jokofu likasafishwa kwa maji ya ndimu, sufuria zikasuguliwa mpaka zikang'aa, na juu ya mlango wa jikoni ikabandikwa karatasi yenye herufi kubwa: NYUMBA HII HAIDHURU KIUMBE.

Kaka ni mpima ardhi. Ndiye anayekwenda na vigingi kuwaonyesha watu kiwanja chao kinaishia wapi, na nadhani kazi hiyo ndiyo iliyomharibu, maana hata wema anaupigia vigingi. Alikwenda semina ya siku tisa ya tafakuri ya Kibudha, akarudi anaongea polepole kama mtu anayesoma maandishi madogo. Akaanzisha kikundi chake sebuleni. Wakajiita Duara la Utulivu: mwanasheria, mwenye duka la mapazia, daktari wa meno, meneja wa benki na mkewe. Kila Jumapili walikaa juu ya mito mipya, wakafumba macho, wakapumua. Walimwita kaka Mwalimu. Na yeye, bila hata kuona haya, akaitika.

Sina ugomvi na Budha. Niliseme hilo mapema, nisije nikaambiwa natukana dini ya watu. Ugomvi wangu ni na kaka.

Katika nyumba ya kaka mende hauawi. Anafunikwa kwa glasi, anatelezeshewa kadi chini yake, anapelekwa ng'ambo ya ukuta kwa jirani. Mbu naye hauawi. Sebuleni wanapungiwa feni mpaka watoke, na wakitoka wanaingia chumba cha mama, kwa sababu ndicho kilicho jirani. Haya yote kaka aliyafanya akiwa amevaa mkanda wa ngozi na viatu vya ngozi. Nilimwuliza ng'ombe wa mkanda ule alikufa kwa uzee au vipi. Akaniambia nina akili ya ubishi.

Sasa mama. Mama aliteleza bafuni, akavunjika nyonga. Walimfanyia upasuaji, wakamrudisha nyumbani, na daktari akatuambia sote wawili, kaka akiwa amesimama pale pale na faili mkononi: baada ya wiki sita mama arudi ajaribiwe kusimama. Akiwa na nguvu, atatembea. Asipokuwa na nguvu, atakuwa mtu wa kitandani mpaka mwisho. Apewe nyama, samaki, mayai, chochote cha kumjenga ambacho tumbo lake linakubali. Tumbo la mama halikubali mengi. Maziwa yanamharisha. Kunde na maharage yanamjaza gesi mpaka analia.

Anaishi kwa kaka kwa sababu kwangu ni chumba kimoja, ghorofa ya tatu, ngazi tupu. Mimi nafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli. Napiga pasi mashuka na mashati ya wageni kutwa, zamu ikiisha nakwenda kumwogesha mama, zamu ikichelewa namwogesha kabla. Wifi yangu yuko masomoni mbali. Kaka yupo. Kuwepo ndiyo kazi yake siku hizi. "Kuwa hapa, sasa," ndivyo anavyowafundisha wenzake. Siku moja nilimkuta amekaa juu ya mto wake sebuleni, macho kayafumba, na mama anaita kutoka chumbani, "Kuna mtu? Kuna mtu jamani?" Kaka hakuitika. Alikuwa yupo, ila si kwa mama.

Nilimkabili siku hiyo hiyo.

"Kaka, daktari kasema nyama au samaki. Au basi hata yai."

"Yai ni kifaranga aliyelala," akasema.

"Na mama je? Anazidi kwisha."

"Kunde zina kila kitu."

"Kunde zinamliza! Hujamsikia akilia?"

"Maumivu ni sehemu ya maisha," akasema, kwa ile sauti yake ya polepole. "Tunayatazama tu, yanapita."

Maumivu yalikuwa ya mama. Ya kwake yeye, jino lilipomwuma mwezi uliotangulia, hayakutazamwa hata dakika tano. Daktari wa meno wa Duara alitolewa kitandani alfajiri.

Basi nikapiga moyo konde, nikaanza magendo. Nilichemsha kuku chumbani kwangu mapema, nikamnyambua, nikamponda pamoja na karoti na viazi mpaka ikabaki supu nzito ya rangi ya machungwa, nikaitia kwenye chupa kubwa ya chai. Siku ya kwanza kaka alinikuta nayo mlangoni.

"Nini humo?"

"Mboga ya mama."

Akatikisa kichwa, karidhika, akanipisha. Na sikusema uongo. Kwetu, tangu tuko wadogo, mboga ni chochote kinachoshushia wali. Mchicha ni mboga, samaki ni mboga, kuku ni mboga. Tulipokuwa tukirudi shule na kuuliza leo mboga nini, hatukuwa tukiuliza habari za bustani. Kaka alikulia mkeka ule ule, akagombania mapaja ya kuku yale yale. Kama semina ya siku tisa ilimsahaulisha lugha ya mama yake, kosa si langu.

Mambo yakaenda hivyo hadi wiki ya sita. Siku nyingine zamu zilinibana nisipike, lakini nilipopika mama alikunywa na rangi ikamrudia usoni. Ilibaki Jumapili na Jumatatu. Jumanne asubuhi ndiyo siku ya kusimama.

Jumapili hiyo Duara lilikuwa na mgeni, mtawa wa Kibudha wa kweli, mtu mfupi mwenye kichwa kilichonyolewa, aliyeishi nchini kwetu miaka mingi na kuongea lugha yetu bila kujiumauma. Kaka alikuwa amehangaika wiki nzima. Alipima sebule kwa futi kamba ajue mtawa akae wapi ili kila mtu awe umbali sawa naye. Tena aliambiwa kwamba mtawa hula kabla ya saa sita mchana tu. Ikishapita, basi mpaka kesho. Akaapa kupika mwenyewe, kwa uangalifu kamili, kila pumzi akiijua.

Pumzi alizijua. Dengu hakuzijua. Alifumba macho mbele ya jiko, akaingia huko wanakoingia, na dengu zikaungua zikashikana na sufuria. Mimi nilikuwa chumbani namwogesha mama, nimemgeuza ubavu, mikono imejaa sabuni, niliposikia kaka anagonga mlango.

"We! Hii chupa mezani ina nini?"

"Mboga ya mama!"

"Mboga tu?"

"Mboga tu!"

Nilidhani ananikagua kama kawaida yake. Nikaendelea kumsugua mama mgongo. Hapakuwa na haraka, saa sita kasoro robo, na mimi zamu yangu ilianza saa nane. Ile chupa ilikuwa chakula cha mama cha mchana na cha jioni.

Halafu sifa zikaanza kutujia kupitia ukutani.

"Mwalimu, hii ladha!" Huyo alikuwa mwenye duka la mapazia. "Sijawahi kula mboga yenye ladha hivi."

"Mmea ukipikwa kwa huruma," kaka akajibu, "hauhitaji damu."

"Mwili wenyewe unajua," akasema mke wa meneja. "Unahisi kabisa kwamba hapa hakuna aliyelia."

Mwanasheria akaomba aongezewe. Akaongezewa.

Nilimvalisha mama haraka, nikaenda jikoni. Chupa ilikuwa imelazwa kwenye sinki, tupu, kifuniko kando. Kwanza nilitaka kucheka, kusema kweli. Kisha nikaitazama saa, nikamfikiria mama anayenisubiri na njaa yake, na kicheko kikaniisha. Nikaenda kusimama mlangoni mwa sebule.

"Kaka, mmekunywa supu ya mama."

Akanitazama kwa tabasamu la mbele ya wageni. "Usijali, dada. Tutampikia nyingine. Karoti zipo, viazi vipo."

"Na kuku yupo?"

"Kuku gani?"

"Huyo mliyekuwa mnamsifu."

Kimya kikaingia, kile cha kweli, si kile wanachokifanyia mazoezi. Mwenye duka la mapazia akakimbilia sinki. Mke wa meneja akashika tumbo, akaanza kuomba radhi kwa kikombe. Mwanasheria akainua kidole na kusema kwamba pasipo nia hakuna kosa. Kaka alisimama, mishipa ya shingo imemtoka, na ule upole wote wa siku tisa ukamtoka kwa mkupuo mmoja.

"Mshenzi wewe! Umenidanganya! Umemnajisi mtawa ndani ya nyumba yangu!"

"Uliniuliza nini humo, nikakwambia mboga. Nenda kamwulize mama mboga ni nini."

Wote wakamgeukia mtawa. Alikuwa ameshaweka bakuli chini. Kaka akapiga magoti mbele yake, mikono imeunganishwa.

"Nisamehe, mheshimiwa. Sikujua."

"Ulimwona kuku huyo akichinjwa?" mtawa akauliza.

"Hapana!"

"Ulisikia kwamba amechinjwa kwa ajili yangu?"

"Hapana, wallahi."

"Ulishuku?"

"Hata kidogo!"

"Hata mimi. Kanuni yangu huuliza hayo matatu tu, basi kwa habari ya kuku hakuna aliyeninajisi. Wapo wenzangu wengi wasioonja nyama kabisa, na nawaheshimu. Mimi hushika bakuli, nikala kinachotiwa."

Sebule nzima ikashusha pumzi. Mwanasheria akasema, "Nilisema mimi," akakichukua tena kikombe chake na kukimaliza.

"Nina swali jingine," mtawa akasema. "Supu hii ilikuwa ya nani?"

"Ya mama," nikajibu. "Mgonjwa. Ndiyo chakula chake cha leo."

"Yeye ndiye aliyewapa?"

Daktari wa meno alikuwa akisoma kucha zake.

"Ahadi ya kwanza ni kutoua," mtawa akamwambia kaka. "Ya pili?"

Ahadi zote tano zilikuwa ukutani nyuma ya kaka, ndani ya fremu. Hakuhitaji kugeuka. "Kutochukua usichopewa," akasema kwa sauti ndogo.

"Ndiyo tuliyoila pamoja na supu," mtawa akasema. Akanyanyuka. "Nipeleke kwake."

Kaka alimwahi mlangoni, akaanza kueleza kwamba chumba hakijapangwa, kwamba kuna harufu, kwamba pengine wakati mwingine. Mtawa akampita. Aliinama kidogo mbele ya kitanda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," mama akasema, bila kushangazwa na lile joho. Mama kala chumvi nyingi, si mtu wa kushangazwa na nguo.

"Nimekula chakula chako bila kukuomba. Naomba unisamehe."

"Kilikuwa na chumvi?"

"Ilitosha."

"Maana huyu binti yangu husahau." Akamtazama mtawa vizuri. "Umeshiba?"

"Nimeshiba, mama."

"Haya, basi."

Na yeye mwenyewe alikuwa hajatia kitu tumboni tangu chai ya asubuhi. Nilisikia hasira mpaka macho yakaniwasha.

Wale wa Duara walikuwa wamesongamana kwenye korido, shingo zimenyooshwa. Mtawa akazungusha macho chumbani: beseni lenye maji machafu niliyokuwa sijayamwaga, mpira wa kutandika chini ya shuka, mbu watatu ukutani walioshiba kuliko mwenye chumba.

"Humu huwa mnakaa kutafakari saa ngapi?" akauliza.

Kaka hakuelewa. "Humu?"

"Humu. Kazi zipo. Leo tukae humu."

Hapo ndipo nilipoona utulivu unavyoweza kukimbia. Mwenye duka la mapazia akakumbuka mteja, siku ya Jumapili. Simu ya daktari wa meno ikaita mlio ambao yeye peke yake aliusikia. Meneja akasema mkewe hajisikii vizuri, mkewe akasema ni kweli. Mwanasheria hakutoa sababu yoyote, nadhani alijua zisizo na ushahidi hazisaidii. Lango la nje likafungwa mara nne.

Mtawa akainama, akabeba beseni, akaniuliza pa kumwaga. Kaka akaruka. Mgeni wake, tena mtawa, kubeba maji ya kuogea mgonjwa! Akashika upande wa pili, akavuta. Mtawa hakutegemea kuvutwa. Maji yakaruka, mengine juu ya nguo nyeupe za kaka, mengine juu ya kitanda.

"Sasa shuka limelowa," nikasema. "Lazima libadilishwe, na mpira ukaushwe. Kaka, mbebe mama."

Alisimama tu.

"Mbebe! Mkono mmoja chini ya mgongo, mwingine chini ya mapaja, mguu huu usiukunje."

Kaka akajiandaa. Akatanua miguu, akavuta pumzi, akaingiza mikono kama nilivyomwelekeza, akainua kwa nguvu za mtu aliyezoea kunyanyua vyuma vya kupimia. Mama akanyanyuka upesi mno, na kaka akayumba nyuma hatua mbili, mgongo ukagonga kabati. Hapakuwa na uzito wa kumzuia.

Akabaki pale amemshika. Niliuona uso wake ukibadilika.

"Mama," akasema. "Mama, mbona..."

"Ndivyo nilivyo siku hizi," mama akasema, mkono umemzunguka shingoni. "Ni wewe tu ulikuwa hujanibeba."

Nilikuwa na maneno ya wiki sita mdomoni, mengine nilikuwa nimeyapanga nikipiga pasi, makali kwelikweli. Nikakausha mpira. Nikatandika shuka jipya, nikanyoosha pembe zote nne. Mtawa alikuwa amekwenda kumwaga yaliyobaki kwenye beseni.

"Mlaze sasa," nikamwambia.

Hakumlaza. "Hospitali ni Jumanne saa ngapi?"

Nilishamwambia mara nne. "Saa tatu," nikasema.

Akamwinamia mama, uso kwa uso, na ile sauti ya polepole haikuwepo tena. Ilikuwa sauti yake ya zamani.

"Utasimama, mama?"

Mama akamshika kola iliyolowa.

"Nisimame kwa kula nini?" akamwuliza.