Mashua Inayofumba Macho

Mume wangu Mutunga alichonga twiga miaka mingi, mpaka siku moja akaamka akasema hataki kuona shingo ndefu tena maishani mwake. Akaanza kuunda mashua. Sisi tunaishi mtaa wa Lucky Summer, ambako maji mengi utakayoyaona ni yale ya mtaroni mvua ikinyesha, kwa hiyo majirani walipata la kusema. Waliuliza kama Mutunga amesikia habari za gharika ambazo wengine hawajapata. Mimi nami nilicheka, na nikicheka nacheka kweli. Kisha ndugu yangu Nzivo, ambaye huvusha watu kwenye bwawa kule kwetu Masinga, akasema ataichukua, na kicheko kikaniishia.

Mashua ilikaa uani juu ya magogo, imefunikwa turubai la buluu. Jioni tukiwasha balbu kubwa ndani yake, mwanga ulipenya lile turubai na ua wote ukageuka rangi ya maji. Ukungu wa Julai ulishuka polepole, nguo za majirani zikaelea kwenye kamba, na upepo ukitoka upande wa Kiamaiko, kwenye soko la mbuzi, tulisikia mbuzi kwa mbali kana kwamba wako ng'ambo wanangoja kuvushwa. Mimi nashona sare za shule, na wakati huo nilikuwa nakaa mlangoni na cherehani yangu. Mara nyingi mguu ulisahau kukanyaga. Niliona kama sisi ndio tunaosafiri, na nyumba zetu na tangi la maji na kuku wa jirani yetu Marion, na mashua ndiyo imetulia mahali pamoja ikitutazama tukipita.

Lakini zile balbu hazikuwa pambo. Gundi inayoshika mbao za mashua hutaka joto usiku kucha, na Julai yetu haina joto la kumgawia mtu. Ikipoa kabla ya kushika, inabaki laini kama uji, na maungio huja kufunguka watu wakiwa katikati ya maji. Abiria wa Nzivo ni kina mama wanaokwenda sokoni na watoto mgongoni. Nzivo mwenyewe hajui kuogelea. Naye alikuwa anakuja na lori Jumamosi ya wiki ileile.

Sasa hizo balbu zikaanza kuzimika ovyo.

Zilikuwa zimechomekwa kwenye soketi za rimoti nilizopata kwenye chama chetu cha akina mama. Mutunga alizipenda kuliko mimi mwenye zawadi. Aliwahi kurushwa na stima akiwa amesimama juu ya mbao mbichi, na tangu hapo haingii ndani ya kitu chenye waya mpaka azime akiwa mbali. Asubuhi alisimama barazani, akabonyeza, mashua ikawa giza, ndipo akapanda. Jioni alibonyeza tena ikawaka. Kila kitu kilikwenda vizuri, kisha jioni moja tukiwa tunakula ikazimika bila mtu kuigusa. Mutunga akaiwasha. Kabla hajamaliza kutafuna, ikazimika tena. Tukaiwasha, tukaenda kulala, na asubuhi tukaikuta giza na baridi. Mutunga akabonyeza ungio moja kwa kidole gumba na kidole kikazama.

Tulifikiri stima imepotea, lakini redio ya nyumbani ilikuwa inaimba. Tukamwita Wafula, fundi wa stima wa mtaa wetu, akabadilisha waya wote na balbu moja iliyokuwa ikikonyeza. Jioni ikazimika vilevile. Ndipo Mutunga akanigeukia mimi. Alisema najulikana kwa kubania tokeni za stima, na kwamba labda nazima kisirisiri kisha najifanya kushangaa. Nilipandwa na hasira. Nikatoa betri za rimoti yetu mbele ya macho yake, nikazitia kwenye mfuko wa shati lake, nikamwambia azilinde kama sadaka ya kanisa. Tukakaa tukiitazama mashua. Ikang'aa, ikang'aa, halafu ikafumba.

Mutunga hakuniomba msamaha kwa mdomo, ila alinichotea maji ya kuoga.

Wafula akaja tena. Akaingiza soketi moja nyumbani, akaichomeka na taa ya meza, tukangoja. Mashua ilipozimika, taa ya meza nayo ikazimika papo hapo. Akacheka.

"Mathe, hizi vitu zote huwa zinaskia rimoti moja. Kuna msee hapa karibu ako na ingine kama yako."

Alishauri tuzitupe tuunge waya moja kwa moja. Mutunga akakataa katakata, akashika mkono wake ule uliowahi kurushwa. Na mimi sikutaka kuzitupa pia, kwa sababu nyingine. Nilitaka kumwona usoni mtu anayechezea mashua watakayopanda watu wa kwetu.

Sikuhitaji kutafuta mbali. Chama chetu kina sheria moja tu inayofuatwa: tunanunuliana vitu vya aina moja, duka moja, rangi moja, ili asiwepo wa kununa. Ndivyo tulivyo na sufuria za aina moja, mablanketi ya aina moja, na sasa soketi za aina moja. Nikawazungukia wenzangu, uso nimeukunja. Lorraine alikuwa amehamia Pumwani na zake. Marion alikuwa hajafungua boksi, anamwekea binti yake anayeolewa. Mbeti, anayekaa mbali kidogo, alinionyesha zake zimechomekwa friji na televisheni, na rimoti mtoto aliitumbukiza kwenye karai la nguo zamani. Nikamwambia basi wa karibu wamekwisha, hakuna mwingine.

"Na ya Mama Kim?" Mbeti akaniuliza. "Si mimi nilipelekea mzee wake, baada ya matanga."

Wakiuru, Mama Kim, alikuwa ameshachanga hela zake zote kabla ya kufa, kwa hiyo fungu lake lilikuwa halali. Nilikuwa nimewahesabu walio hai tu. Mumewe, Mzee Ndung'u, anaishi ghorofa ya pili kwenye nyumba ya mawe iliyo nyuma yetu, na dirisha lake linatazama ua wetu moja kwa moja. Tangu mazishi tulimwona akinunua mkate, akisalimia watu vizuri, hata akicheka, tukasema amepoa. Mwenye kovu usidhani amepoa, wahenga walituambia, lakini nani huwakumbuka wahenga mtu akimsalimia vizuri?

Nikapanda ngazi jioni hiyohiyo na maneno yangu nimeyapanga. Mlango ulikuwa wazi. Mzee alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, taa za nyumbani mwake zimezimwa, uso wake wa buluu kwa mwanga wa mashua yetu. Boksi la soketi lilikuwa mezani na soketi zote zimo ndani, hajachomeka hata moja. Rimoti ilikuwa mkononi mwake. Akaegemea kidogo kuelekea kiooni, akasema kitu kwa Kikuyu kwa sauti ya chini, akabonyeza. Chini kule mashua ikafumba.

"Karibu, Mama Ndeti," akasema bila kugeuka. "Tusiongee kwa nguvu. Nimemwambia alale."

Nikakaa kwenye kitanda kilichokuwa cha mgonjwa, maana hapakuwa na kiti kingine. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Siku za mwisho Wakiuru hakuweza kusema wala kuinua mkono. Mzee akimuuliza kama ana kiu, kama anaumwa, kama amechoka, alifumba macho, na huko kufumba kulikuwa ndiyo yake. Mzee alipoletewa lile boksi alibonyeza rimoti ajue tu kama inafanya kazi, na mwanga mkubwa pale chini ukafumba.

"Najua nikibonyeza ni mimi nimefunga. Mimi si mtoto," akasema. "Lakini akifungua, Mama Ndeti, si mimi. Namwambia alale, anakaa kidogo, anafungua. Alikuwa tu hivyo. Hakuna siku alikubali kulala mara ya kwanza."

Nilijua nani aliyekuwa anafungua. Alikuwa nyumbani kwangu wakati huo, shati limejaa unga wa mbao, akinung'unika na kubonyeza. Na kweli, tukiwa tumekaa hapo, mashua ikawaka. Mzee akatabasamu gizani. Nilitamani sana kushuka zile ngazi bila kusema neno.

Lakini niliwaona wale akina mama na watoto mgongoni. Nikamwambia. Nilimweleza habari za gundi na joto, na kidole cha Mutunga kilivyozama, na kwamba Jumamosi ile mashua inakwenda kubeba watu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha mkono akaniwekea rimoti kiganjani, upesi, kama mtu aliyegundua ameshika kisu karibu na mtoto.

"Mngeniambia mapema," akasema. "Pole. Nilikuwa nacheza na maisha ya watu."

Nilimwambia hakuwa anacheza. Sijui kama alinisikia.

Nilimwambia Mutunga rimoti nyingine imepatikana, bila kusema kwa nani, naye akakwangua maungio yale yaliyokuwa laini, akayapaka upya, na mashua ikakaa macho wazi usiku wote, na uliofuata, na uliofuata. Gundi ikawa ngumu kama jiwe. Juu yetu lile dirisha lilikuwa jeusi, na mimi nilishona nikiwa nimeligeuzia kisogo. Jumamosi Nzivo alikuja, vijana wa ploti, majirani zetu, wakasukuma, mashua ikapanda lori ikaenda zake ikipita juu ya vichwa vya watu. Uani yakabaki magogo.

Jumapili baada ya ibada nilimrudishia Mzee Ndung'u rimoti yake. Nikamwambia kuna taa nimeiweka kwenye dirisha langu la jikoni, kwa soketi ileile ya rimoti, si kubwa, na haikaushi kitu chochote. Aliigeuza ile rimoti mkononi muda mrefu.

"Nilitaka kukuuliza," akasema. "Ni nani alikuwa anafungua?"

"Hilo sijui, Baba Kim."

Jioni ile tulikuwa tunakula githeri jikoni, taa ikazimika. Mutunga akaweka kijiko chini, akauliza kama hizi soketi zimeanza wazimu wao tena, na kama amwite Wafula.

"Wacha," nikamwambia. "Ameambiwa alale, na hataki."

Nikaitafuta rimoti yetu mezani kwa kupapasa. Nikaishika nikangoja kidogo gizani, kama angengoja Wakiuru, kisha nikabonyeza.