Hita Tatu Barazani

Hita tatu zilifika Jumamosi saa nne asubuhi juu ya pikapu ya Beto Zanotti, na wakati huo Ovidio Etchart alikuwa bado na povu la sabuni mashavuni. Alitoka na wembe mkononi aone ni nani anayempigia honi mlangoni katikati ya baridi ya Julai, wakati kila mwenye akili zake kajifungia jikoni.

"Nizishushe wapi, mzee Ovidio?"

"Zipi?"

"Hizi hita. Noemí kasema baraza ya nyuma."

Noemí alikuwa binti yake, na hakuwa amemwambia lolote. Ovidio alizitazama zile hita. Zilikuwa zile ndefu za gesi, zenye mguu mmoja na kofia pana ya bati, na kila moja ilikuwa na namba nyekundu ubavuni: mbili, tano, sita. Yeye na namba sita waliwahi kukutana. Mwezi wa Mei, siku ya kumuaga Laspiur muuza dawa, alisimama chini yake asubuhi nzima pamoja na wanaume wengine ambao hawakuenea ndani ya chumba lilimowekwa jeneza. Beto hukodisha viti, meza na mahema kwa mji mzima wa Villa Arrieta, lakini watu wa pale hufanya sherehe zao kiangazi, wakicheza mpaka mashati yalowe. Hita hutoka stoo kwa jambo moja tu, nalo si arusi.

"Kafa nani?" akauliza.

Beto alicheka, akaona mwenzake hacheki, akafunga mdomo. "Mimi dereva tu, mzee. Nimeambiwa ni chakula cha mchana."

Chakula cha mchana barazani, Julai! Katika nyumba ile meza ya barazani huondolewa Mei na kurudishwa Oktoba. Wakati wa baridi nyama huchomwa vilevile, maana wiki bila nyama ya kuchoma ni wiki ya wagonjwa, lakini huchomwa na Ovidio peke yake huko nje, kajifunika poncho lake la sufu, kamasi zikimchuruzika, kisha hupeleka sahani jikoni walikoketi wengine. Yeye akija kukaa, wenzake washafika kwenye matunda. Ndivyo ilivyokuwa miaka yote, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Alimkuta Noemí jikoni akimenya viazi kwa hasira, kana kwamba vimemkosea.

"Nani kaagiza hita?"

"Mimi, Baba. Leo tunakula nje."

"Nje maji ya mbwa yameganda kwenye bakuli."

"Ndiyo maana nimekodi hita."

"Na kwa nini tule nje?"

"Kwa sababu hita zipo."

Ovidio alilizungusha jibu hilo kichwani, asione lina mlango wapi. Alimgeukia mkewe. Elba alikuwa amekaa karibu na jiko na shali yake mabegani, mikono mapajani, haoshi chombo, hakatakati kitu, jambo ambalo nalo halikuwa la kawaida.

"Umenyoa upande mmoja, mzee," Elba akasema. "Ni mtindo mpya, au unasubiri tukuchangie wembe?"

Akajigusa shavu. Kweli. Akarudi kwenye kioo, na mbele ya kioo ndipo wazo lilipomjia.

Majuma mawili nyuma Noemí aliwapeleka wazazi wote wawili hospitali ya mji mkubwa kupimwa. Ovidio alikuwa na kikohozi. Elba alikwenda kumsindikiza, na kwa kuwa wameshafika, naye akapimwa. Jumanne mama na binti walikwenda kuchukua majibu, wakarudi kiza kimeshaingia. "Wewe mzima kabisa, Baba. Chuma," Noemí akasema, akapita moja kwa moja hadi bafuni, akafungulia maji kwa muda mrefu sana. Ovidio alifurahi siku ile. Sasa, na wembe mkononi, furaha ilimtoka. Mtu aliye chuma haambiwi hivyo na mtu anayetazama sakafu. Na tangu Jumanne walikuwa wakimtendea wema wa ajabu: Noemí kamnunulia ndara mpya, na Elba, aliyempigia kelele za chumvi miaka arobaini na minne, jana usiku alimsogezea kopo la chumvi mwenyewe na kumwambia, "Tia unavyopenda."

Aliogopa. Tuseme ukweli, aliogopa mpaka akaketi ukingoni mwa beseni la kuogea na povu limekaukia usoni. Hakuogopa sana kufa; aliogopa kuwa wa mwisho kujua, watu wakimpangia viti na hita akiwa bado anapumua.

Hata hivyo moto haungoji mtu. Saa tano na nusu alikuwa barazani, chini ya bati, akipanga kuni. Beto alikuwa ameziweka hita tatu kuizunguka meza, na zilivuma kwa sauti ya chini, kofia zao zimewiva nyekundu. Joto lilikuwa zuri, na hilo ndilo lililomuudhi. Alikaa mbali nalo, upande wa kichanja chake cha nyama, akatia chumvi kwenye mbavu na kusukuma makaa kidogokidogo kwa koleo la marehemu baba yake. Hapo angalau alijua kila kitu kinakwenda wapi na kwa nini.

Kisha akaja Anselmo.

Anselmo ni mdogo wake, na walikuwa hawajasemezana miaka kumi na mmoja kwa sababu ya karata. Mwaka waliokosana, wakicheza upande mmoja katika mchezo wa truko ambao zawadi yake ilikuwa kondoo, Anselmo alimpandishia nyusi mara mbili, ishara ya karata kubwa kuliko zote, na kumbe hakuwa nayo. Ovidio akamwamini, wakapoteza kondoo na undugu siku moja. Sasa huyo huyo Anselmo alikuwa akipita kwenye geti dogo na chupa mbili za mvinyo, kofia kaishika mkononi kama aingiaye kanisani.

"Kaka," akasema.

"Nani kakuita?"

"Elba kanipigia simu."

"Kakwambia nini?"

Anselmo alitazama hita, akatazama mbwa, akatazama chupa zake. Uso wake, uliowahi kumdanganya Ovidio kwa nyusi tu, sasa haukuweza kudanganya hata mtoto. "Kasema nije. Kwamba sasa si wakati wa kununiana."

"Kwa nini sasa si wakati?"

"Kaka, mie nimeitwa kula nyama. Nikufungulie moja?"

Ovidio aliipokea glasi. Walisimama bega kwa bega wakitazama moto, na moyoni mwake Ovidio alikwisha kujihesabu miongoni mwa marehemu. Kama hata Anselmo kaletwa, maji yamezidi unga.

Lililomaliza shaka lilitoka kwa Darío, mwanawe. Darío alikuwa mwalimu wa hesabu mjini, mtu mzima wa miaka arobaini asiyeweza kuwasha kibiriti penye upepo bila kuomba msaada. Alifika saa saba kasoro, akambusu mama yake kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha akatoka barazani, akavua koti, akanyoosha mkono.

"Nipe koleo, Baba."

"Nini?"

"Leo nachoma mimi. Nenda kakae mezani."

Anselmo aliteremsha glasi yake. Kule kwao mtu haugusi moto wa mwenzake. Unaweza kuusifu, unaweza kusimama karibu nao na kinywaji, unaweza hata kuusengenya ukifika nyumbani. Lakini kusukuma kaa moja la mwenyeji ni tusi; ndoa zimevunjika kwa dogo kuliko hilo. Ovidio mwenyewe alilipata koleo lile asubuhi ambayo baba yake alishindwa kuinuka kitandani. Siku tatu baadaye walimzika.

"Darío," akasema polepole, "unajua unaomba nini?"

"Najua, Baba. Nipe."

Mtoto alikuwa na machozi. Ovidio alilitazama koleo, akatazama ule mkono laini wa chaki, na chuki ya asubuhi nzima ikampanda. Alilitupa koleo chini, likalia kwenye saruji, mbwa akakimbia. Noemí na Elba walitoka jikoni, Noemí kamshika mama yake kiwiko.

"Basi semeni!" Ovidio akapiga kelele. "Semeni mbele yangu! Hita za maiti mmeleta, huyu mwongo wa karata mmemleta, mtoto kaja kurithi koleo nikiwa nimesimama! Mficha maradhi, kilio kitamfichua. Nimebakiwa na miezi mingapi?"

Hita zikaendelea kuvuma. Noemí aliziba mdomo kwa aproni, na ni Elba aliyekuja, taratibu, akavuta kiti kilichokuwa katikati ya hita mbili, akakaa, akajifunga shali vizuri.

"Huna miezi yoyote," akasema. "Wewe ni mzima. Si Noemí alikwambia? Kikohozi chako ni cha moshi."

"Usinidanganye, Elba."

"Miaka arobaini na minne unataka kila kitu kiwe chako. Redio yako, dirisha la gari lako, moto wako. Hili ni langu, mzee. Usininyang'anye."

Ovidio aliyasikia maneno, lakini hayakukaa mahali pake. Alimtazama Noemí, akamtazama Darío, akamrudia mkewe, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne aliona jinsi shali ilivyomzidi mabega.

"Lako lipi?"

"Niliwaomba watoto wasikuambie mpaka tule. Nilijua utaanza kukimbiakimbia, kutafuta daktari mwingine, na nyama itaungua. Nilitaka kitu kimoja tu. Nikae hapa barazani, wewe ukae kando yangu, tule pamoja nyama ikiwa moto. Sijawahi kula nyama nikiwa na wewe. Nimekula nikitazama mgongo wako."

"Lakini hivi," Ovidio akasema, akijikwaa kwa kila neno, "si tungengoja Oktoba tu? Joto likirudi, tukatoa meza kama..."

Elba alitikisa kichwa. Alimtazama tu kwa huruma, ile huruma ambayo Ovidio aliiona kwenye nyuso zote tangu Jumanne asijue ilikuwa ya nini. Kumbe hawakuwa wakimlilia kama mtu anayeondoka. Walikuwa wakimhurumia yeye atakayebaki.

Anselmo aliinama, akaliokota koleo, akalifuta kwa shati lake na kumpa kaka yake. Ovidio alilishika kidogo. Kisha akampa Darío.

"Usiyasukume makaa yote mara moja," akamwambia. "Kidogokidogo. Na usifunue mbavu kila dakika, si barua."

Akakaa. Kiti kilikuwa kigeni kwake, maana hakuwahi kukaa upande ule wa meza, na joto la hita lilimpiga shingoni. Alitaka kuuliza mambo mengi: lilianzia wapi, linauma, alilijua tangu lini. Kila alipofungua mdomo Elba alimgonga goti kwa goti lake, chini ya meza, akimaanisha baadaye.

Darío alileta mbavu za kwanza, zimeungua nje na ndani zinatoka damu. Kila mtu alingoja. Kwa uovu mdogo kuliko ule Ovidio aliwahi kumfukuza shemeji yake Krismasi.

"Vipi, Baba?"

"Nzuri," Ovidio akasema. "Nzuri sana. Lete nyingine."

Akachagua kwa mkono wake ubavu wenye mafuta mengi kuliko yote, akauweka kwenye sahani ya Elba. Ndivyo alivyofanya kila wiki tangu waoane: ubavu wa mafuta hutengwa kwanza, hupelekwa kwa Elba kabla ya mgeni yeyote, hata kama ni padri. Hiyo ilikuwa njia yake ya kumwambia mambo asiyojua kuyasema.

Elba alichukua kisu. Bila haraka, kwa ustadi wa mtu aliyezoea, alitenga mafuta yote pembeni, akayakusanya kwenye vidole, mkono ukateremka chini ya meza. Mbwa, aliyekuwa keshafika mahali pake, akayapokea bila hata kunusa.

Ovidio aliacha kutafuna.

"Hupendi mafuta?"

"Yananichefua."

"Tangu lini?"

"Tangu nikiwa mtoto."

"Na hukuniambia? Miaka yote hii?"

"Ulikuwa mbali, mzee, kule motoni," Elba akasema, akifuta vidole kwa kitambaa. "Kila nikiinua macho nakuta mgongo. Ningeuambia mgongo?"

Kipande kimoja cha mafuta kilikuwa kimebaki ukingoni mwa sahani yake. Ovidio alikichukua kwa vidole, akakitia kinywani, akakitafuna kwa muda mrefu, huku mkono wake mwingine ukipapasa chini ya meza kutafuta mkono wa mkewe, akaukuta una mafuta, akaushika hivyo hivyo.